Mandazi ya Nchi Isiyo na Msimu

Kipande cha unga uliokandwa kikitumbukizwa kwenye karai huzama kwanza. Kwa muda wa pumzi moja mafuta hukifunika, kisha mapovu huanza kukizunguka kandokando, nacho hupanda juu kikiwa kimevimba upande mmoja. Mpishi hukimwagia mafuta mgongoni kwa upawa, kinajaa, kinageuka, na rangi inaingia polepole kutoka pembeni kwenda katikati. Huko Mogogosiek, Litein, Kapkatet na Silibwet, katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, jambo hili hutokea kabla ya jua kuchomoza, ukungu ungali umelalia mashamba ya chai na barabara ya murram haijasikia lori. Jikoni mna joto la makaa na harufu ya iliki. Nje kuna baridi ya mwinuko wa karibu mita 2,000, na kijani kinachoanzia mlangoni na kuendelea hadi macho yachoke.

Pembeni mwa karai kuna sufuria. Ndani yake maji na maziwa vimechemka pamoja, majani ya chai yakatiwa, sukari ikafuata, na mpishi akateka na kumimina kutoka juu mara kadhaa ili povu litulie. Chai hiyo huchujwa kwenye thamosi, mandazi hupangwa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na vitu hivyo viwili huondoka nyumbani pamoja kuelekea shambani. Wachumaji wanakuwa wamekwisha kuvaa aproni za plastiki, kwa maana umande wa vichaka vya chai hulowesha nguo hadi kiunoni. Mikono yao inakwenda mbio juu ya vichaka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na konzi ikijaa inatupwa kikapuni mgongoni bila mtu kugeuka. Saa nne hivi kazi husimama kidogo. Ndoo hufunuliwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, ila katika nchi hii ya mvua na ukungu mchumaji hulia palepale alipochumia, amesimama kati ya mistari miwili ya chai, kikombe mkono mmoja na andazi mkono wa pili.

Kuna nchi nyingine inayokaanga unga kwa heshima ya zao lake, nayo iko mbali sana na Kericho. Kaskazini mashariki mwa Marekani, katika majimbo ya Vermont, Massachusetts na New York, vuli inapofika wakulima huyakamua matufaha na kuuza maji yake mabichi, yasiyochujwa, ya rangi ya kahawia. Kwenye mashamba hayohayo huuzwa donati zilizokandwa kwa maji hayo. Maji huchemshwa kwanza hadi yapungue na ladha ikolee, kisha huchanganywa na unga, mayai, siagi, mdalasini na kungumanga, na donati zikitoka kwenye mafuta hugaragazwa kwenye sukari zingali moto. Familia hutoka mjini, huchuma matufaha, hula donati, hurudi na mifuko iliyojaa. Desturi hiyo ina sura ya jambo la kale. Hata hivyo donati tamu ya maji ya tufaha ilitangazwa mwaka 1951 na Doughnut Corporation of America, kampuni ya Adolph Levitt, mhamiaji aliyetengeneza mashine ya kukaanga donati mjini New York mwaka 1920. Watu waliipokea kampeni ya biashara wakaifanya sikukuu yao, kwa sababu ilikutana na kitu walichokuwa nacho tayari: mwezi ambao zao limeingia ghalani na mikono imepata nafasi.

Mpishi wa Bomet akiyatazama maandalizi hayo ataitambua mara moja kazi ya ukali. Maji ya tufaha yana asidi. Asidi hiyo ikikutana na magadi soda hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi hujenga vyumba vidogo ndani ya donge, na donge likawa laini badala ya kuwa gumu. Ukali huohuo ndio unaotafutwa na mama wa Sotik anapomimina maziwa lala kwenye unga mahali pa maji. Maziwa yaliyochacha huyaamsha magadi, huulainisha unga, na huacha uchachu mwembamba nyuma ya utamu. Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, ni watu wa maziwa tangu kale. Mursik, maziwa yanayochachushwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, hunywewa pamoja na kimyet, yaani ugali, na ndiyo hupewa wanariadha wa Kenya uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Mursik ina heshima yake ya pekee mezani; kwa mandazi yanatosha maziwa ya jana yaliyoachwa yagande. Jiko la Bomet na jiko la Vermont yamefika mlango mmoja kwa njia mbili, kila moja likitumia ukali uliozaliwa karibu nalo.

Tofauti inaanzia kwenye mti. Mtufaha ni mti unaohitaji kulala. Aina nyingi hudai saa 800, hata 1,000 na zaidi, za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi, la sivyo macho yake hayafunguki sawasawa wakati wa kuchipua ukifika. Kwa hiyo matufaha mengi yanayouzwa mijini Kenya husafiri kutoka Afrika Kusini, na wanaoupanda mti huu kwenye nyanda za juu hutafuta aina zisizodai baridi nyingi, mfano Anna iliyozalishwa Israeli. Wapo wanaoyakwanyua majani yote kwa mkono baada ya mavuno, ili mti uchipue upya bila kungoja baridi isiyokuja.

Chai haipewi usingizi. Ikiachwa peke yake, Camellia sinensis ni mti unaomzidi binadamu kimo mara kadhaa, unaochanua maua meupe na kuzaa mbegu. Shambani hukatwa ikabaki usawa wa kiuno, na kila baada ya miaka mitatu au minne hupogolewa hadi mifupa, ili nguvu yake yote iende kwenye chipukizi. Mvua ya Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, alasiri baada ya alasiri, kwa hiyo kichaka kilekile hurudiwa baada ya siku saba, kumi au kumi na nne, Januari hadi Desemba. Ukavu wa Januari na Februari hupunguza mavuno, baridi ya Julai nayo hupunguza, lakini hakuna kinachoyakatiza. Kichaka alichopanda babu kinachumwa na mjukuu, na katikati ya maisha yao mawili hakuna siku ambayo mtu amesimama shambani akasema mavuno yamekwisha.

Siku hiyo iliwahi kuwepo. Kabla ya chai watu wa vilima hivi walilima wimbi, na wimbi lina mwanzo na mwisho. A. C. Hollis, aliyeandika juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliiorodhesha miezi ya kalenda yao, na miezi miwili inayoangukia Septemba na Oktoba imebeba jina la sherehe ya mavuno, kipsunde, ambapo Mungu alishukuriwa kwa nafaka mpya. Kisha historia ikaingia kwa miguu mizito. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 Kericho kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, katika mradi ulioitwa BEADOC. Walipanda kitani, bei yake ikaporomoka, mradi ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa kwa nguvu ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, na jeraha hilo halijafunga: Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mwafrika mwenyewe alifunguliwa mlango wa kupanda chai kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1964 shirika la chai la KTDA liliundwa kuwahudumia wakulima wadogo, na kwa miaka iliyofuata viwanda vikasimama Litein, Kapkatet, Kapkoros, Momul, Kapset, kila kimoja na moshi wake juu ya bonde lake. Watoto wa waliolima wimbi wakawa wakulima wa jani. Kalenda yenye sherehe ikafunikwa na mzunguko wa siku kumi.

Haikufutika yote, maana Oktoba imerudi kwa mlango mwingine. Ndio mwezi wa bonasi. Kila mwezi mkulima wa KTDA hupokea malipo ya awali kwa kila kilo aliyopeleka kituoni, na bonasi hukokotolewa baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi Juni, chai ikiwa imekwisha kuuzwa, sehemu kubwa yake katika mnada wa Mombasa, ule ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Oktoba karo hulipwa, mabati hununuliwa, deni la dukani hufutwa kwenye daftari. Oktoba pia huja na uchungu. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamezoea kulipwa pungufu kwa kilo kuliko wenzao wa mashariki, na bonasi iliposhuka mwaka 2025 watu waliingia barabarani Kericho na Bomet. Hapo ndipo ugumu wa zao hili unapoonekana. Wimbi lilikaa nyumbani: lilipikwa, likachachushwa, likamiminwa chini kwa ajili ya wazee. Chai huondoka nyumbani ikiwa mbichi, kilo nne na nusu hivi za jani zikitoa kilo moja ya chai kavu, na karibu asilimia 95 ya chai ya Kenya huvuka bahari kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Aliyelipeleka jani kituoni asubuhi hununua pakiti dukani jioni. Ni vigumu kulishangilia zao ambalo mwenyewe hukutana nalo tena likiwa na bei ya duka.

Labda ndiyo maana mandazi yana uzito wake katika nchi hii. Penye msimu, furaha ya mavuno hukusanywa ikaliwa kwa wiki chache, na watu wakaridhika kungoja mwaka mwingine. Pasipo na msimu, furaha hiyo hukatwa vipande vidogo na kugawiwa kila asubuhi. Familia ya Konoin haiwezi kusema chai imeingia ghalani. Inaweza kusema chai iko tayari mezani, na hamna anayekwenda shambani kabla ya kula.

Kazi ya jikoni nayo ina elimu yake, na elimu hiyo ni ya mahali. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano mpishi hutia vijiko vinne vya sukari, kijiko kikubwa cha siagi, yai moja, iliki iliyotwangwa, ganda la limau lililokwaruzwa, kijiko cha chai cha beking pauda na nusu kijiko cha magadi soda. Siagi husuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole hadi iwe chengachenga, ndipo maziwa lala ya vuguvugu huingia kidogo kidogo. Donge hukandwa mpaka liache kushika mikono, likafunikwa kwa kitambaa na kupumzishwa kwa nusu saa, kwa kuwa unga uliochoka kukandwa hujivuta ukisukumwa na kukataa kukaa ulipowekwa. Wanaotumia hamira hulazimika kukanda usiku na kuliacha beseni karibu na jiko lenye makaa yanayofifia. Alfajiri ya Kericho ni baridi mno na hamira hufanya kazi kwa uvivu. Donge husukumwa likawa na unene wa sentimita moja kasoro, likakatwa pembetatu au miraba, nalo karai linangoja.

Sasa mwinuko unadai haki yake. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kericho huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Ndani ya andazi kuna maji, na maji hayo hugeuka mvuke mapema zaidi, kwa hiyo kiini hakipati joto kali analolipata mwenzake wa pwani. Mafuta yakiwa na joto lilelile la pwani, ngozi huungua rangi na katikati hubaki unga mbichi. Mpishi wa milimani huyaacha mafuta yawe na joto pungufu, nyuzi kumi hivi chini ya zile 180 au 190 za kawaida, na hupunguza pauda pia, sababu gesi hutanuka zaidi mahali penye hewa nyepesi na andazi hupasuka mbavuni. Hakuna kipimajoto jikoni. Kuna chembe ya donge inayotumbukizwa kupima: ikikaa chini, mafuta bado; ikiruka juu na kuwa nyeusi, karai liondolewe kidogo motoni; ikipanda kwa utulivu huku mapovu madogo yakiizunguka, wakati umefika. Haraka haraka haina baraka, na karai ndilo linaloithibitisha methali hiyo kwa malengelenge.

Mapovu yenyewe yanastahili kutazamwa. Ni mvuke unaotoka ndani ya donge, na maadamu unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati njia ya kuingia. Mafuta yakiwa baridi mvuke huwa dhaifu, na andazi hulewa mafuta. Hata lililopikwa vizuri huvuta mafuta mengi zaidi baada ya kuepuliwa, pale linapopoa na mvuke wa ndani kunywea, ngozi ikifyonza kilichoishikilia. Basi mpishi hodari huyakung'uta mandazi juu ya karai na kuyasimamisha kwa pembe kwenye chujio, yatiririke yangali moto. Lililofaulu huwa na pango katikati, ukuta wa juu umeachana na wa chini, na likichanwa hutoa pumzi ya iliki.

Asili ya chakula hiki ni pwani. Lamu na Mombasa hukandwa kwa tui la nazi, huumuliwa kwa hamira, huitwa mahamri, na huliwa na mbaazi za nazi asubuhi. Reli ilifika ufuko wa Ziwa Viktoria, Kisumu ya leo, Desemba 1901, ikipitia Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion katika Kaunti ya Kericho, na kwa njia hiyo unga, sukari na maduka vilipanda kutoka bandarini hadi milimani. Mnazi haumei kwenye baridi ya Kericho, hivyo nafasi ya tui ilishikwa na maziwa ya ng'ombe. Mgeni njoo mwenyeji apone: andazi lilipofika juu lilikuta nchi yenye maziwa mengi, na baadaye yenye chai nyingi, likapata wenzi wawili ambao halikuzaliwa nao.

Vilivyomo kwenye karai vimekutana kutoka pande nyingi. Narok, jirani wa Bomet, hulima ngano, na Njoro ndiko kwenye kituo kikuu cha utafiti wa mbegu za ngano nchini, kwenye nyanda zilezile ambako mlowezi Lord Delamere alishuhudia mashamba yake yakiangamizwa na kutu ya ngano mwanzoni mwa karne iliyopita. Hata hivyo Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake. Miwa inalimwa chini ya mteremko, Soin, na kuendelea hadi Muhoroni na Chemelil. Mafuta ya michikichi hutoka Malaysia na Indonesia. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022 na Indonesia ikazuia mafuta yake kutoka mwishoni mwa Aprili hadi Mei mwaka huohuo, msukosuko huo ulifika hadi kwenye ndoo ya plastiki kando ya shamba la chai. Wauzaji walikuwa na njia mbili, kupandisha bei au kupunguza donge, na mchumaji aliyezoea kushiba kwa mandazi mawili akajikuta akihesabu sarafu kabla ya kunyoosha mkono. Nchi inayouza asilimia kubwa ya jasho lake nje hununua asubuhi yake kutoka nje pia.

Na mkono wenyewe una mashaka yake. Mei 2023, Kericho, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na waandamanaji waliosema zimewanyang'anya kazi. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na kwa mwenye shamba hesabu yake inaeleweka. Hesabu isiyoandikwa ni ya yule anayeamka saa kumi usiku kukanda unga. Mistari ya chai ikipoteza wachumaji, ndoo ya mandazi inapoteza wateja, na thamosi ya lita tano inakuwa kubwa kupita haja yake. Mkono unaochuma na mkono unaokanda mara nyingi ni mkono wa mtu mmoja: kidole gumba na cha shahada, vilivyofunzwa kulitambua chipukizi bila kutazama, ndivyo vinavyojua kwa kugusa kama donge limeiva. Ujuzi huo ukikosa kazi shambani hautahamia kwenye mashine. Utabaki jikoni, na jiko peke yake halilipi karo.

Alasiri mawingu hurudi. Kericho ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa sana na mvua ya mawe, na mwaka 1982 jarida la Tellus lilichapisha utafiti wa Schnell na Tan-Schnell ulioonyesha kwamba mabaki ya majani yanayooza chini ya vichaka vya chai vya Kenya yana mbegu za kugandisha barafu, mbegu ambazo upepo unaweza kuzirusha hadi mawinguni. Inawezekana, basi, kwamba chai husaidia kuziumba zile punje za barafu zinazoirarua. Zinapoanza kugonga mabati watu hukimbilia ndani wakiwa wamelowa, na mandazi ya asubuhi, yaliyokauka kidogo, huchovywa kwenye chai ya pili. Hapo hakuna anayeharakisha. Jani limekwisha kupimwa au limekwisha kuharibiwa. Kwa vyovyote saa hiyo ni ya nyumbani.

Donati ya tufaha ina jambo moja linaloweza kujaribiwa kwenye majiko haya: kuliingiza zao ndani ya unga. Kericho chai imebaki kikombeni na unga umebaki pembeni. Njia ipo. Vikombe viwili vya maziwa vichemshwe na vijiko vitatu vya majani makavu na kipande cha tangawizi, kwa dakika chache tu, kisha vichujwe kabla ya kuendelea, kwa kuwa majani yakichemka mno hutoa uchungu. Kilichochujwa kirudishwe motoni kipungue hadi nusu kikombe. Protini za maziwa huushika ukakasi wa chai, na kinachobaki ni rangi ya dhahabu iliyoiva na ladha nzito. Asidi ya chai ni hafifu, haiwezi kuamsha magadi peke yake, kwa hiyo maziwa lala yaendelee na kazi yake ya kuinua donge. Sukari ya kugaragazia ichanganywe na iliki. Atakayetaka kwenda mbali zaidi ana chai ya zambarau, TRFK 306, iliyozalishwa na watafiti wa chai wa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011. Rangi yake huelekea wekundu penye asidi na ubuluu penye magadi, jambo ambalo watoto watalipenda kabla hawajaonja.

Siku yake iwe Oktoba. Umoja wa Mataifa uliitenga Mei 21 kuwa Siku ya Chai Duniani, lakini Mei ni mwezi wa mvua ndefu, jani linamwagika, na hakuna mkono wa kukaa mezani. Oktoba ina bonasi, na chini ya bonasi kuna kipsunde. Jani likikawia kichakani siku moja hukomaa kidogo tu, na mzunguko unaofuata hulirekebisha, kwa hiyo viwanda vinaweza kuyapumzisha malori kwa siku hiyo bila shamba kudhurika. Wachumaji, wapima mizani, madereva na wenye mashamba wakae meza moja, wale kilichokandwa kwa jani lao wenyewe, na mwenye malalamiko ya malipo ayaseme palepale mbele ya wote. Wamarekani walianza na donati ya kampuni mwaka 1951, na leo mabibi huwapeleka wajukuu wao shambani kuila. Kericho na Bomet zina ngano kwa jirani Narok, sukari Soin, maziwa Sotik na chai mlangoni. Kilichobaki ni kupatana tarehe.